Themostati Iliyotolewa: Niliyojifunza kwa Kulihudumia Gari Langu Kuukuu Nyumbani

Mwezi Desemba 2021, kwenye kona za barabara inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, mshale wa joto wa gari langu ulianza kupanda taratibu, nami nikajiambia kwamba Soni haiko mbali na kwamba tungefika. Gari ni Toyota Corolla 110 lililotengenezwa mwaka 1998, lenye injini ya 5A ya lita 1.5, na siku hiyo lilikuwa limebeba watu watano, mizigo ya sikukuu juu ya keria, na kiyoyozi kilikuwa kimewashwa tangu Korogwe. Kabla ya kufika Soni mvuke ulianza kutoka chini ya boneti, injini ikakosa nguvu, tukasimama pembeni huku watoto wakiniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake.

Niliyoyafanya katika nusu saa iliyofuata yalinigharimu kuliko ubovu wenyewe. Nilifungua kifuniko cha rejeta, chombo cha mbele kinachopoza maji ya injini, kwa kitambaa wakati maji bado yanachemka, na mvuke ukaniunguza mkono kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Kisha, kwa hofu ya kuchelewa, nilichota maji ya baridi kwenye kijito na kuyamimina moja kwa moja ndani ya injini iliyokuwa ya moto kama jiko. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini, kwenye gari hili ni ya aluminiamu na imekaa juu ya bloku, mwili wa injini, ya chuma cha kuyeyusha. Ikipozwa ghafla namna hiyo, huweza kupinda. Nilichopaswa kufanya ni kusimama mara mshale ulipovuka katikati, kuzima kiyoyozi, kuzima injini, na kusubiri hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa mkono mtupu bila kuungua, jambo linaloweza kuchukua dakika arobaini au zaidi. Baada ya hapo maji huongezwa kidogo kidogo huku injini ikiunguruma. Sikuyajua hayo, ingawa nilikuwa nimeendesha gari lile kwa miaka saba.

Tulikokotwa hadi Mombo, na baada ya sikukuu gari lilirudishwa Dar es Salaam juu ya lori. Gasketi ya hedi, kiziba kilicho kati ya hedi na bloku, ilikuwa imeungua, hedi ikapelekwa kwenye mashine kusawazishwa, na kwa jumla, pamoja na usafirishaji, nililipa shilingi 870,000 ambazo zilitoka kwenye akiba ya ada ya shule. Siku ya kulichukua gari, fundi alinionyesha kidude cha shaba chenye springi, kinachodhibiti joto la maji ya injini, na kuniambia, “Bosi, hii themostati nimeitoa kabisa. Ni ya nchi za baridi, huku kwetu inachemsha magari tu.” Nilimshukuru, kwa sababu maelezo yake yaliingia akilini.

Miezi mitatu baadaye gari lilikuwa linakula mafuta kuliko zamani. Lilikuwa likienda kilomita kumi na mbili kwa lita moja, sasa lilikuwa halifiki kumi. Asubuhi mshale wa joto ulichukua muda mrefu kunyanyuka, na chini ya kifuniko cha kujazia oili palikuwa na utando mweupe wenye rangi ya maziwa. Hata hivyo, jambo lililonikatisha tamaa zaidi ni kwamba, nikipakia watu watano na kuwasha kiyoyozi kwenye foleni ya mchana, mshale uliosinzia asubuhi ulianza tena kupanda kuelekea juu.

Jirani yangu hapa Kigamboni ni mzee aliyestaafu baada ya kufanya kazi ya ufundi wa magari kwa miaka mingi. Nilimweleza yote, nikitarajia aniambie nibadilishe kifaa gani. Badala yake aliniuliza swali moja: “Mwanangu, siku ile kule mlimani, kilichotangulia kuharibika kilikuwa nini?” Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nimelipa fedha nyingi kutengeneza matokeo ya kuchemka, na hakuna mtu, mimi wala fundi wangu, aliyekuwa ametafuta kwa nini gari lilichemka. Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kulihudumia gari langu mwenyewe uani, na kila kosa nitakalolieleza hapa chini nililifanya pale nilipolisahau.

Nilianza na kazi ndogo ya kumwaga oili, ambayo mzee alisema inamfundisha mtu kuliona gari kwa chini. Injini hii huchukua lita tatu hivi pamoja na filta, na nati ya sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini, hufunguliwa kwa spana namba 14. Kabla ya kuifungua nilipaswa kuliinua gari, na hapo ndipo nilipokaribia kuleta msiba. Ua wetu ni wa mchanga, kama nyua nyingi za Kigamboni. Niliweka jeki iliyokuja na gari juu ya mchanga huo, nikalegeza nati na kuvuta kwa nguvu, na jeki ikazama upande mmoja, gari likashuka na kulala juu ya chesisi. Nilikuwa nimenyoosha mkono mmoja tu chini yake. Mke wangu, aliyekuwa akianua nguo, aliona yote, na kwa mwezi mzima hakutaka kusikia habari za spana. Alikuwa na haki.

Tangu siku hiyo sikuingia tena chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Nilinunua jeki ya magurudumu kwa shilingi 160,000, stendi mbili za chuma kwa 80,000, na seti ya spana na soketi kwa 95,000. Chini ya jeki na chini ya kila stendi naweka kipande cha mbao ngumu kipana kuliko kitako cha chuma chenyewe, magurudumu yanayobaki chini nayazuia kwa matofali mbele na nyuma, kisha nalisukuma gari kwa bega kabla ya kuingia. Likitikisika, nashusha na kuanza upya. Ikiwa fedha za kuanzia ni kidogo, stendi zinunuliwe kabla ya spana nzuri, na kama hakuna fedha za stendi, basi kazi za chini ya gari ziachwe kwa fundi mwenye shimo la kufanyia kazi chini ya gari.

Oili yenyewe ilitoka vizuri, lakini wakati wa kufunga nilitia kipande cha bomba kwenye spana ili nati ikaze “kabisa”, na nikala meno ya tundu la nati kwenye sampo. Kuyarudisha kulinigharimu shilingi 45,000 na safari ya kukodi gari jingine. Nati hiyo haihitaji nguvu ya namna hiyo. Kinachozuia oili ni washa laini iliyo chini yake, ambayo inapaswa kubadilishwa kila mara oili inapomwagwa na ambayo bei yake ni ndogo. Filta hufungwa kwa mkono: unapaka oili kidogo kwenye mpira wake, unaizungusha hadi mpira uguse, kisha unaongeza robo tatu ya mzunguko. Oili chafu naikusanya kwenye dumu na kuipeleka kwenye gereji inayouzia wakusanyaji. Najua watu wengi huipaka kwenye mbao kuzuia mchwa au huimwaga nyuma ya nyumba. Sisi tunakunywa maji ya kisima kilicho mita ishirini kutoka mahali ninapofanyia kazi, na hilo lilitosha kunizuia.

Baada ya hapo nilirudi kwenye swali la mzee. Alinishauri nianze na kitu cha bei ndogo zaidi katika mfumo wa kupoza, ambacho ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho hubana maji ndani ya mfumo hadi yafikie mgandamizo fulani, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Yanaweza kupita nyuzi 100 kwa kiasi kikubwa bila kugeuka mvuke. Mpira wa kifuniko changu ulikuwa umekauka na kupasuka. Maji yangu, kwa hiyo, yalikuwa yakichemka mapema na kupungua kila wiki, nami nilikuwa nikiyaongeza kutoka kisimani bila kujiuliza yanakwenda wapi. Kifuniko kipya kilinigharimu shilingi 12,000.

Nilipofungua koki ya chini ya rejeta, yalitoka maji ya rangi ya chai nzito yenye chembechembe za kutu na punje nyeupe za chumvi. Maji ya kisima chetu yana chumvi kiasi kwamba sufuria ya kuchemshia chai huota gamba jeupe ndani ya wiki mbili, na hayo ndiyo niliyokuwa nikiyanywesha gari kwa miaka saba. Gamba hilohilo lilikuwa limejenga ndani ya mirija myembamba ya rejeta. Niliwasha injini ikapata moto, nikaizima, nikaondoa waya wa betri ili feni isije ikawaka ghafla, kisha nikaupitisha mkono juu ya uso wa rejeta: pembeni palikuwa na moto, katikati palikuwa pamepoa. Sehemu iliyopoa ni ile ambayo maji hayapiti. Jibu la swali la mzee lilikuwa hapo. Rejeta iliziba kwa chumvi na kutu, kifuniko kilichokufa kikaacha maji yapungue, na mlima wa Lushoto ukamaliza kazi. Themostati haikuwa imehusika hata kidogo.

Hapa lazima nieleze kwa nini kuitoa kulizidisha tatizo, kwa kuwa naona bado magari mengi yanafanyiwa hivyo. Themostati huzuia maji yasizunguke kupitia rejeta hadi injini ipate joto lake. Ya gari langu imegongwa namba 82, maana yake huanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Ikitolewa, injini huchelewa kupata joto, kompyuta ya gari hudhani bado ni baridi na kuendelea kuongeza petroli, na unyevu unaopaswa kufukuzwa na joto hubaki ndani ya oili, ndio ule utando mweupe nilioukuta. Hayo mafundi wengi huyakubali, lakini hudai kwamba angalau gari halichemki. Katika injini hii hata hilo si kweli. Themostati yake ina kisahani cha pili upande wa nyuma ambacho, inapofunguka, huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka bila kupozwa. Ndiyo maana gari langu lilikuwa baridi asubuhi na la moto kwenye foleni yenye mzigo.

Nilijaribu kwanza kuiokoa rejeta kwa dawa za kusafishia, mara mbili, kwa jumla ya shilingi 60,000, na zote zilipotea; gamba la miaka saba halikung'oka. Rejeta mpya niliinunua Kariakoo kwa 190,000. Themostati ya kwanza niliinunua kwa 15,000 kwa sababu ilikuwa rahisi, lakini kwa bahati nzuri mzee alinifundisha kuijaribu kabla ya kuifunga. Unaining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, unaweka kipimajoto, na kuwasha jiko. Ile ya bei nafuu ilikuwa bado imefumba maji yakitokota. Niliirudisha dukani na muuzaji akakataa kuipokea. Ya pili, ya 38,000, ilianza kufunguka kipimajoto kikikaribia 82. Jaribio hili halihitaji ujuzi wowote, na sielewi kwa nini wauzaji wenyewe hawalifanyi mbele ya mteja.

Kuifunga nilikosea kwa namna yangu. Nilikwangua uso wa nyumba ya themostati, yaani kifuko cha chuma inamokaa, kwa bisibisi ya bapa hadi ukaingia michirizi, nikaona aibu kuupeleka kusawazishwa, nikapaka silikoni nyingi kuziba. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na dimbwi chini ya gari na kulanti mpya, maji maalumu ya kupozea injini, ya shilingi 40,000 imekwenda na mchanga. Nilirudia kazi yote, safari hii nikaulainisha uso kwa msasa mwororo uliowekwa juu ya kioo, nikafunga mpira mpya peke yake bila silikoni, na kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo wa themostati nikakielekeza juu ili hewa ipite. Kulanti niliichanganya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa ajili ya betri. Soma vizuri maandishi ya chupa unaponunua, kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo na katika chupa zinazofanana.

Baada ya kujaza, hewa hubaki imenaswa ndani, na hewa hiyo inaweza kulichemsha gari zima lenye vifaa vipya. Naliegesha gari pua ikiwa juu kidogo, naliwasha na kifuniko kikiwa wazi tangu injini ikiwa baridi, nafungua hita ya ndani hadi mwisho, na kubinyabinya mpira wa juu hadi mapovu yakome na feni iwake. Asubuhi tatu zinazofuata, kabla ya kuwasha, naangalia kiwango na kuongeza. Mara ya kwanza niliruka hatua hii na mshale ukanipanda karibu na daraja la Kigamboni. Nilidhani kila kitu kimeharibika upya, nikakaa kando ya barabara nikiwa nimekata tamaa kabisa, kumbe ilikuwa hewa tu.

Wiki hiyohiyo taa ya injini iliwaka. Muuza spea, baada ya kusikia kwamba nimegusa mfumo wa maji, aliniambia moja kwa moja kwamba kihisi cha joto kimekufa na kwamba anacho kwa 45,000. Nilikuwa nimeshatoa pochi nilipokumbuka swali la mzee. Kwenye gari langu kuna kiboksi cheusi ndani ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ukawasha ufunguo bila kuwasha injini, taa ya injini hukonyeza namba ya hitilafu. Soma herufi zilizo upande wa ndani wa kifuniko kwa makini kabla ya kuingiza waya, kwa sababu katika kiboksi hicho kuna tundu la umeme wa betri, na ukikosea unaweza kuunguza kitu cha thamani. Taa yangu ilikonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza tena mara mbili: 22, ambayo ni mzunguko wa kihisi cha joto la maji. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kihisi na kukuta soketi yake nilikuwa sijaisukuma hadi mwisho. Niliisukuma ikalia “tak”, nikafuta kumbukumbu kwa kuondoa fyuzi, na taa haikurudi.

Kuhusu breki nitasema jambo moja. Nilibadilisha pedi za mbele Jumapili moja, kazi ambayo si ngumu: bolti mbili za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, kila upande, kurudisha pistoni kwa klampu polepole, kuangalia kopo la mafuta ya breki lisifurike na kumwagikia rangi. Nilimaliza nikiwa nimejawa na furaha, nikawasha gari kulirudisha mahali pake, nikakanyaga pedali na ikazama hadi sakafuni. Pistoni zilikuwa bado zimerudi nyuma, na nilikuwa nimesahau kupampu pedali kabla ya kuondoka. Gari lilisimama kwa kugonga ukuta wa uzio, mahali ambapo mwanangu wa miaka sita alikuwa amesimama dakika chache kabla akiniangalia. Nilizima injini nikashindwa kutoka kwenye kiti kwa muda mrefu. Sasa pedali hupampuliwa mpaka iwe ngumu kabla ufunguo haujaguswa, jaribio la kwanza hufanywa ndani ya ua kwa mwendo wa mtu anayetembea, na watoto huwa ndani ya nyumba tangu gurudumu la kwanza linapotolewa. Mabomba ya breki na silinda zake siyagusi kabisa.

Nilipojumlisha hesabu za mwaka wa kwanza, sikuwa nimeokoa fedha. Vifaa vilikuwa 335,000, mfumo wa kupoza 395,000 ambapo 115,000 zilipotea kwa haraka na ubahili wangu, na sampo 45,000. Mtu anayeanza kwa kudhani kwamba mwezi ujao bajeti yake itapumua, atavunjika moyo. Nafuu ilianza kuonekana mwaka wa pili, wakati vifaa vilikuwa vimeshalipiwa na gari lilikuwa limerudi kwenye kilomita zake karibu kumi na mbili kwa lita. Mwaka 2023 tulipanda tena Lushoto tukiwa watu wale wale, na mshale haukuvuka katikati.

Nina daftari la kurasa mia ndani ya kisanduku cha dashibodi. Kila nilichofanya kimeandikwa tarehe, kilomita, bei, na sababu. Safu ya sababu ndiyo ninayoisoma zaidi. Ukurasa wa mwisho unasema kwamba kuna unyevu na ukoko wa kulanti chini ya pampu ya maji, na mkanda wa taimingi, unaolinganisha mizunguko ya injini, nao umekaribia kilomita 100,000 tangu ufungwe. Kuufunga mkanda huo kunahitaji kulinganisha alama ambazo ukizikosa kwa jino moja injini haitaunguruma sawasawa, nami sina ujasiri huo wala vifaa vyake. Kwa kuwa anayeifikia pampu anakuwa amekwisha kufungua karibu vyote vya kufikia mkanda, nimenunua mkanda, bearingi yake, pampu na oili sili za mbele, na vyote viko kabatini vikisubiri mwisho wa mwezi.

Fundi niliyemchagua ni kijana aliyewahi kufundishwa na yule mzee. Nilipokwenda kukubaliana naye bei, nilimwomba nikae pembeni wakati wa kazi, naye akakubali bila kusita. Nikamwomba pia kwamba asitoe kitu chochote kwenye gari hadi anionyeshe kwanza kilichoharibika ni nini.